Nilichoandika Kuhusu Bibi wa Mwigizaji

Miaka ile televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeshafika mpaka kwetu Singida mjini, na intaneti kafe ya kwanza ilikuwa imefunguliwa karibu na stendi. Nilikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, sijaolewa, naishi na shangazi yangu aliyeuza vitenge sokoni. Kila Jumapili jioni tuliangalia mchezo mmoja wa kuigiza, na kama wanawake wengi wa mtaani kwetu nilimpenda kijana aliyeigiza daktari. Alikuwa mweupe, ana nywele za mawimbi, lakini akifungua mdomo Kiswahili chake kilikuwa cha bara kabisa. Watu walibishana juu yake. Wengine walisema Msomali, wengine Mhindi. Saluni nilikokuwa nasukia walishakubaliana kuwa baba yake ni Mgiriki wa mashamba ya mkonge.

Shangazi ndiye aliyenipa jibu, tena bila kuulizwa, huku akichambua mchele.

“Huyo bibi yake mzaa mama ni Mnyaturu wa Ikungi,” alisema.

Akanieleza kwamba alipokuwa msichana, Ikungi palikuwa na Mwarabu mwenye duka, aliyezaa mtoto wa kike na mwanamke wa Kinyaturu. Yule mwanamke akamwacha mtoto akaenda kuolewa kwingine. Mwarabu akahamia Tabora na binti yake, na binti huyo ndiye aliyemzaa mwigizaji. Shangazi alinitajia mpaka jina la Mwarabu.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda intaneti kafe. Kulikuwa na kamusi elezo ya mtandaoni, yenye kurasa za watu na mambo, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuandika ndani yake, na mwigizaji wetu alikuwa na ukurasa humo. Niliandika kwamba bibi yake alikuwa Mnyaturu aliyemtelekeza mwanawe. Siku ya pili nikakuta maneno yangu yamefutwa. Aliyeyafuta alitumia jina la bandia, na aliacha swali moja tu: chanzo chako ni nini?

Nikarudisha. Akafuta. Tulihamia kwenye ukurasa wa majadiliano, na huko nilimwaga kila kitu: duka, Mwarabu na jina lake, mtoto aliyeachwa. Nilimwambia kuwa mimi ni mwalimu, na kwamba Kidato cha Kwanza tunawafundisha watoto kuwa masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia. Akanijibu kwa adabu iliyoniudhi zaidi kuliko tusi. Masimulizi ya nani, aliuliza, na yamechapishwa wapi? Alisema habari za familia ya mtu aliye hai haziandikwi kwa kusikia. Nilimchukia. Nilimwona kama mtu wa Dar es Salaam anayedhani ukweli unakaa kwake tu.

Wiki mbili zikapita, shangazi akasikia kwa wafanyabiashara wa mnada wa Ikungi kwamba yule bibi bado yu hai, anaishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya Dodoma. Wazo la kwenda kumrekodi halikuniacha nilale. Jumamosi asubuhi tukapanda basi. Nilibeba redio ya kaseti ya kurekodia, betri mpya na daftari. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumjibu mpinzani wangu.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, bibi mwembamba, macho yana ukungu. Nikampa shikamoo, akaitikia. Shangazi alimsalimia kwa Kinyaturu, akajitambulisha kwa jina la baba yake, na bibi akamkumbuka. Tukaletewa vigoda. Kabla sijatoa redio kwenye mfuko, bibi aliingiza mkono chini ya mkeka, akatoa gazeti lililokunjwa mara nne.

“Wewe umesoma,” aliniambia. “Katekista alinisomea hili mara moja tu, akaona haya kurudia. Nisomee tena.”

Lilikuwa moja ya magazeti ya udaku yaliyozuka kwa wingi miaka ile. Picha ya mwigizaji ilikuwa juu, na chini yake kichwa cha habari kilichosema bibi yake alimtupa mama yake. Nilianza kusoma kwa sauti. Sentensi ya pili ilikuwa yangu. Ya tatu pia. Mwandishi hakuwa amebadilisha hata mpangilio wa maneno: duka, jina la Mwarabu, mwanamke wa Kinyaturu aliyefuata mume mwingine. Aliongeza tu kwamba habari hizo zilitolewa na mtu wa karibu na familia. Niliendelea kusoma kwa sababu sikujua namna ya kunyamaza.

Nilipomaliza, bibi akaeleza taratibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kinyaturu, shangazi akinitafsiria huku sauti yake ikizidi kushuka. Alikwenda Mgori kwenye msiba wa kaka yake, akakaa huko siku tano. Aliporudi Ikungi duka lilikuwa limefungwa na mtoto hayupo; majirani walimwambia baba yake amemchukua Tabora. Alifika Manyoni, kipande kwa miguu na kipande juu ya lori, akapanda treni mpaka Tabora. Ndugu wa yule Mwarabu walimzuia mlangoni. Alimsikia mwanawe akilia ndani. Alirudi Tabora mara mbili tena, na mara ya mwisho akakuta wamehama. Kuolewa aliolewa, ndiyo, lakini miaka sita baadaye. Habari za kifo cha binti yake alizipata binti akiwa ameshazikwa.

Shangazi aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa ameisikia hadithi ile kutoka kwa watu wa duka la yule Mwarabu, na hakuwahi kufikiri kwamba watu wa dukani walikuwa na sababu ya kuieleza vile.

“Nani amesema nilimtupa mwanangu?” bibi aliuliza. “Nataka nimjue tu.”

Ningeweza kunyamaza. Shangazi alinikanyaga mguu ili ninyamaze.

“Ni mimi, bibi,” nilisema.

Alinigeuzia uso, akanitazama kadiri macho yake yalivyoweza.

“Wewe ni mwalimu?”

“Ndiyo.”

“Unafundisha watoto?”

“Ndiyo, bibi.”

Alilikunja gazeti, akalirudisha chini ya mkeka. Redio sikuitoa.

Jumatatu nilikimbilia intaneti kafe kusahihisha. Nikakuta maneno yangu ya zamani yamerudi kwenye ukurasa wa mwigizaji, yamewekwa na mtu mwingine nisiyemjua, na safari hii yana chanzo: lile gazeti. Niliyafuta. Yakarudishwa. Nikaeleza kuwa mimi ndiye niliyeyaandika mwanzo, kwamba gazeti liliyanakili kwangu, kwamba nimemwona bibi mwenyewe. Yule mtu akanijibu kuwa gazeti limechapishwa, mimi sina chanzo. Nililiandikia gazeti barua mbili, hazikujibiwa.

Mwishowe nilimwandikia yule mpinzani wangu wa kwanza. Nilimweleza yote bila kujitetea. Alikwenda kulinganisha tarehe za maandishi yangu na tarehe ya gazeti, akaona ninasema kweli, akaifuta aya nzima na kuzuia isirudishwe. Lakini hata habari za bibi, za Manyoni na Tabora, alikataa kuziweka. Juu ya asili yake ukurasa ukabaki na mstari mmoja: mwigizaji alizaliwa Tabora.

Nilirudi kijijini peke yangu kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo sasa simo kabisa,” alisema.

Nikamwambia ndiyo, hayumo. Kisha akaniuliza kama nimekuja na daftari, nikasema ninalo. Akaniambia niandike, si kwa ajili ya mtandao wala gazeti, ni karatasi ya kukaa kwake, siku mjukuu wake akija kuuliza apewe. Tulianza asubuhi mpaka jua likawa kali, tukahamia ndani. Alisema kidogo kidogo, mimi naandika. Nilipomsomea alinisimamisha mara nyingi. Mtoto hakuwa na miaka minne, alikuwa na mitatu na miezi kadhaa. Siku za msiba yeye bibi hakuvaa viatu, nisiandike kwamba alivaa. Nilikata, nikaandika upya, nikamsomea tena kuanzia juu.