Reli ya Darubini Niliyoinyoosha

Mimi ni fundi pikipiki hapa Rumonge, na nina ugonjwa mmoja: nikiona kitu kimeinama, lazima nikinyooshe.

Wiki iliyopita Ajida, mlinzi wa hifadhi, aliniletea bunduki yake ya kulengea mbali, pamoja na reli mbili za kufungia darubini juu yake. Jumamosi alikuwa na mashindano ya shabaha, na miaka miwili mfululizo alikuwa ameshika mkia.

"Reli hizi unazijua, fundi?"

"Vizuri sana, shefu," nikasema. Sikuwahi kuiona hata moja.

"Basi chagua yenye kufaa mbali, uifunge. Mwaka huu sitaki kuchekwa."

Nilizipima zote. Ya kwanza ilikuwa bapa. Ya pili, mpya na imara zaidi, ilikuwa nene nyuma na nyembamba mbele. Niliihurumia, chuma kizuri hivyo, kiwandani wamekikosea. Nikaichagua, nikaipiga tupa asubuhi nzima mpaka ikalala sawasawa, kisha nikaifunga kwa fahari.

Ijumaa Ajida alipitisha kidole juu ya reli, akakirudisha.

"Fundi, mwinuko iko wapi?"

"Ilikuwa na kasoro, shefu. Nimeitoa yote."

"Ule mwinuko ndio unainua mtutu, risasi ifike mbali. Nimeungoja miezi minne utoke Ulaya."

Nilikohoa. "Basi nikufungie ile ingine?"

"Ile ingine iko bapa," akasema polepole. "Ndiyo ilifanya nishindwe miaka miwili. Sasa niko nazo mbili."