Ishara Alizotoka Nazo Nyumbani

Nakumbuka Jumamosi moja ya wazazi kutembelea watoto shuleni, mwanangu, na nimejaribu sana kuisahau nikashindwa. Nakusimulia wewe kwa sababu kanisa limekuchagua uende nchi za watu ukafundishe watoto wasiosikia, na jana ulipopita hapa kwangu Kimumu kuniaga ulikuwa na haraka, unaongea habari za sanduku na pasipoti tu. Leo kaa. Chai ipo, na maziwa yake si ya pakiti.

Mimi pia nilitumwa. Mnaniona mzee wa hapa, mnasahau kwamba nilishuka Eldoret nikiwa na miaka ishirini na sita, kutoka Tukuyu kule Tanzania, na koti moja, na Biblia, na cheti changu cha elimu maalumu nilichokipenda kupita kiasi. Kanisa letu liliiahidi shule ya viziwi ya hapa kuwaletea mwalimu, na mwalimu mwenyewe ndiye mimi. Siku ya kwanza tu walinicheka. Mpishi wa shule aliniambia, "Madam, hiyo Kiswahili yako ni ya redio, hebu ongea kama mtu." Nikanuna wiki nzima. Nilikuwa mwepesi wa kununa, na bado, usijifanye hujui.

Kazi yenyewe niliiweza. Saa kumi na mbili asubuhi niko bwenini, ukungu umefunika mashamba ya ngano, naamsha watoto kwa kuwagusa bega mmoja mmoja, nafuta kamasi, nafunga vifungo, tunakwenda kunywa uji. Darasani sakafu ilikuwa ya mbao. Nikigonga kisigino, wote wanasikia kwa nyayo na kunigeukia. Mchana kadi za picha, alasiri kufua soksi. Lakini kazi ikiisha nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya jikoni namlilia mama yangu, mtu mzima mimi, hadi ugali wangu unapoa.

Nikwambie nilichokikosa zaidi? Kwetu mvua ni nyingi, bati lina kelele, na shamba letu la chai lilikuwa ng'ambo ya bonde. Sauti haifiki. Basi chakula kikiiva mama alikuwa anasimama kwenye mlango wa jiko na kunipungia upawa, juu, chini, juu, chini. Nikiuona tu naacha kila kitu, nakimbia. Hapa Eldoret nilikuwa na chakula, na kitanda, na watu wema, lakini hapakuwa na mtu wa kunipungia upawa.

Sasa Jerop. Alikuwa msichana wa miaka saba, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyeletwa na mama yake kutoka Kesses. Alikuja na ishara zake, zile ambazo familia hujitungia wenyewe nyumbani. Ishara ya mama yake ilikuwa kupeleka mikono yote miwili kisogoni, kama mtu anayefunga kitambaa cha kichwa, maana hivyo ndivyo alivyomwona mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua. Wiki zile za kwanza Jerop alikuwa anakaa dirishani akifunga kitambaa ambacho hakipo, mara kumi, mara ishirini. Alikuwa anamwita.

Na mimi nikamkataza. Niliona ishara za nyumbani zitamchanganya na zile za kitabuni. Hakuna aliyenituma, ni ujuaji wangu. Kila alipoinua mikono kisogoni niliishika, nikaishusha, nikamwonyesha ishara ya mama iliyo sahihi. Sikumpiga wala kumkaripia. Niliishusha tu, kwa upole, muhula mzima, kisha nikajisifu kwa mwalimu mkuu kwamba mtoto anashika haraka.

Ndipo ikaja hiyo Jumamosi. Mama Jerop alifika mapema, viatu vimejaa matope, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya huku. Akamwona mtoto wake ng'ambo ya uwanja. Akaweka kibuyu chini, akapeleka mikono kisogoni, akafunga kitambaa, huku anacheka kwa furaha. Jerop aliruka! Mikono yake ikapanda hadi mabegani. Halafu akanitazama mimi. Mikono ikashuka, akaificha nyuma ya mgongo, akabaki amesimama pale pale.

"Madam," Mama Jerop akaniuliza, "amenisahau?"

Hapo bado ningeweza kutengeneza mambo. Badala yake nikajibu kisomi, "Hapana, Mama, tunaziondoa zile za nyumbani ili ajifunze za kweli."

Za kweli! Nikikumbuka neno hilo natamani kujizaba kibao. Yule mama hakubishana. Alimpa mpishi kile kibuyu, akaenda akamshika mtoto wake mkono, na siku ile nzima wakakaa kwenye nyasi bila kuambiana kitu. Shule ilipofungwa akamchukua. Ilipofunguliwa, kitanda cha Jerop kilikuwa kitupu.

Wiki mbili nilijidanganya kwamba ni homa, atakuja. Ya tatu nikaenda Kesses, nikauliza njia hadi nikafika. Mama Jerop alikuwa shambani. Niliyemkuta ni mama mkwe wake, mzee ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani bibi, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Hakunipa hata maji. Alinisukumia kigoda kingine na rundo la mahindi. Tukapukuchua mpaka vidole vikaniwaka moto, ndipo akauliza:

"Wewe uko na mama?"

"Ninaye, Gogo. Yuko Tanzania."

"Ukiwa mdogo alikuwa anakuita aje?"

Nikamweleza habari ya upawa. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote hapa Kenya. Nilipofika kwenye juu, chini, mkono wangu wenyewe ukainuka.

Gogo akautazama ule mkono. "Sasa mimi nikuje nishike hiyo mkono, niishushe, niseme hiyo si ya kweli. Utasikia aje?"

Nikaurudisha mkono kwenye mahindi.

"Wewe ulienda mbali ukaacha mama yako. Hiyo ni kazi ya Mungu, sawa. Lakini huyu mtoto hajaenda mahali. Mbona unataka aachane na wake?"

Nililia, mwanangu. Nililia machozi yakaangukia mahindi, na yule mzee hakunibembeleza hata kidogo. Alisema tu, "Pukuchua."

Jerop alikuwa anachungulia mlangoni. Nikajifuta uso, nikampigia magoti, nikapeleka mikono kisogoni nikafunga kitambaa. Kisha nikamwuliza kwa ishara: yuko wapi? Alitazama mikono yangu, akamtazama bibi yake. Halafu akanishika mkono akanikokota mbio hadi shambani, na huko, mbele ya mama yake, akafunga kitambaa mwenyewe, tena na tena, ishara zote zile nilizokuwa nimezishusha. Mama Jerop aliliachia jembe likaanguka.

Mchana ule Jerop alinifundisha ishara zote za nyumba yao: ng'ombe mweusi, mvua, na Gogo, ambaye ishara yake ni kuvuta ndewe za masikio. Mwenye cheti nikawa mwanafunzi, nakosea, ananicheka. Jumatatu akarudi shuleni. Tangu hapo kila mwezi nilikwenda Kesses kumfundisha mama yake zile za kitabuni, juu ya zile walizokuwa nazo.

Miaka ikapita, mama yangu akafariki nami niko huku. Nilifika ameshazikwa. Upawa wake niliukuta umetundikwa ukutani, nikasimama kwenye mlango ule wa jiko nikakosa pa kwenda. Niliporudi Eldoret, Jerop, sasa msichana mkubwa, aliniuliza kwa mikono: mama yako alikuwa anakuita vipi? Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, basi.

Leo Jerop ana cherehani yake kule mtaa wa Pioneer na watoto wawili. Kila Jumapili huja kunitazama. Habishi hodi. Anasimama langoni, anainua mkono: juu, chini, juu, chini. Magoti haya yananiuma, mbio zimekwisha, lakini nikimwona naacha kila kitu naenda. Na kila Jumapili namtamani mama yangu upya. Hamu hiyo haijapona, wala sitaki ipone.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika huko, kabla hujafungua kitabu chako, mwulize mtoto kwao wanamwitaje mama, na uanze wewe kujifunza. Mwongezee, usimpokonye. Ukikosea, nenda kwao kwa miguu yako ukaombe radhi. Na usione haya kulilia kwenu. Mimi hamu yangu niliificha, ndiyo maana hamu ya Jerop sikuiona, na alikuwa dirishani kila siku.

Haya, inamisha kichwa. Mungu aliyenileta hapa akufikishe huko salama. Aibariki mikono yako, akupe na Gogo wa kukusema bila kukubembeleza. Na siku kwenu patakapokuwa mbali mno, akusimamishie mtu mlangoni akuite kama mama yako anavyokuita. Amina.