Mlango wa Tatu

Mume wangu ni mhasibu, na mapenzi yake makubwa ni magari ambayo hayapo. Simaanishi yaliyokufa, hayo angalau yana makaburi, na mengi yamelala nyuma ya gereji za Umbilo Road. Namaanisha yale ambayo hayakuzaliwa. Tunacho kigari cha Kiingereza chenye magurudumu ya kutosha toroli, kinachonizidi umri kidogo, na kuhusu warithi wake waliofia kiwandani mume wangu anajua mengi kuliko anavyojua kuhusu shangazi zangu. Mrithi mmoja alikuwa mfupi kuliko kigari chenyewe, ila ndani ana nafasi zaidi, na nyuma ana mlango mzima unaofunguka hadi kwenye paa. Wahandisi walichora, wakaunda, wakaendesha, kisha wakubwa wakawa na mambo mengine. Picha za marehemu hao zimo kwenye simu yake, mahali ambapo wenzake huweka wajukuu.

"Walikuwa nao mkononi," huniambia tukila, kwa sauti ya mfiwa. "Mlango mmoja tu wa nyuma, mama. Mmoja."

Ningeendelea kumvumilia kama si sufuria.

Siku za kazi nafundisha chuoni. Jumamosi nafanya jambo la maana, yaani napika pilau ya harusi za Watanzania wenzangu hapa Durban. Pilau yangu hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na mfuniko haufunguliwi hadi ukumbini, mbele ya akina mama wa pande zote mbili, ambao huinama, huvuta mvuke na kutoa hukumu. Ukiigawa njiani kwenye ndoo, umeleta wali wa ndoo, na utasemwa hivyo mpaka uzikwe. Kwa hiyo sufuria husafiri nzima, katika pikapu ya jirani, kwa kuwa kigari chetu hakijawahi kuimeza.

Safari hii harusi ilikuwa ya binti wa rafiki yangu, kule Point, na pikapu ilikuwa imekwenda Johannesburg. Nilitaka kukodi gari.

"Usikodi," alisema mume wangu. "Nitamalizia kazi waliyoiacha."

Aliazima grainda na mashine ya kuchomelea. Akakata sehemu yote ya nyuma, kuanzia juu ya kioo hadi chini ya buti, akang'oa na ukuta wa bati uliokuwa nyuma ya kiti, kisha akaunda mlango na kuuning'iniza kwa bawaba za kabati la jikoni kwangu. Jirani yetu mwingine, Mkongomani mwenye saluni ghorofa ya chini, alitoka kutazama cheche.

"Papa, hii gari iko inapona ao iko inakufa?"

"Inazaliwa, mama."

"Eish. Hii bebe ni ya kuombea."

Jumamosi sufuria iliingia. Iliingia kana kwamba ilipimiwa, na mume wangu alilazimika kugeuka atazame ukuta kwa muda. Mlango wa tatu tuliufunga kwa kamba ya kuanikia nguo, nami nikajikunja mbele, miiko mapajani, gauni la sherehe likiwa limekwishaanza kunuka bizari.

Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, kigari kiliguna. Nilipotazama juu ya mlango wangu, mstari wa paa uliokuwa umenyooka asubuhi ulikuwa umepinda. Tulipopita Warwick dereva mmoja wa teksi alipunguza mwendo, akatuarifu kwa Kizulu, bila ubaya wowote, kwamba gari letu limechuchumaa.

Tulifika. Akina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama nje ya ukumbi. Nilivuta kitasa cha mlango wangu, haukusogea. Mume wangu naye alikuwa anavuta cha kwake.

"Sukuma," nilisema.

"Nasukuma."

"Sukuma kama mtu mwenye digrii."

Alitazama nyuma. "Kumbe ule ukuta ndio ulioshikilia bodi."

"Na wenzako wa kiwandani hawakulijua hilo?"

"Wao walichora gari jipya. Mimi nimekata la zamani."

Vioo vya kigari hicho huteleza kiasi cha kupitisha mkono na salamu. Niliitumia salamu. Wanaume wakaja, wakafungua kamba, wakaishusha sufuria kwa heshima zote, na kwa kuwa sasa palikuwa na njia, nikafuata: kwa magoti, kichwa kwanza, kupitia mlango wa tatu, nikiwa na miiko mkononi.

"Haya," alisema shangazi wa bwana harusi. "Hata mpishi kapaliwa humohumo."

Nilijipangusa, nikauinua mfuniko. Waliinama wote. Shangazi alivuta mvuke, akafumba macho, akauvuta tena kwa makusudi ya kunitesa.

"Haikuguswa njiani," alisema hatimaye. "Leteni sinia."

Nje, mume wangu alikuwa amekwisha kutoka na kukusanya wanaume, akiwaeleza namna mlango unavyofunguka. Sherehe ilipokwisha nilirudi kwa teksi, sufuria tupu miguuni. Yeye aliingia alikotokea na kuendesha polepole hadi nyumbani.

Kigari sasa kiko chini ya turubai uani, kikingoja aamue kama atarudisha ukuta. Pikapu ya jirani imerudi. Jana wakati wa chakula cha usiku aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba bomba moja tu la kukatiza nyuma ya kiti lingetosha kuishikilia bodi.

"Kula," nilimwambia.

Kwenye simu yake picha ya kigari ameiweka pamoja na za wale marehemu wengine, baada ya yule mfupi.