Kura za Lukuga Succès

Omer alikuwa mshonaji wa nguo mtaani Kitulu, hapa Kalemie, na kila Jumamosi alipiga gitaa la solo katika orkesta yetu, Lukuga Succès. Alipiga vizuri, hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa kumnyamazisha.

Mwenye orkesta alipohamia Lubumbashi alituachia vyombo na neno moja tu: "Jipangeni." Omer akasimama.

"Tusitafute chef mwingine, mkubwa wa kutufokea," akasema. "Kila jambo tulipigie kura. Na kura ya muntu wa kutikisa maracas iwe sawa na yangu."

Miaka ile ya Zaire, kura tuliyoizoea ilikuwa kupiga makofi pale tulipoambiwa tupige. Hii ya kunyoosha mkono ukipenda, na kuuacha mapajani usipopenda, ilitulevya.

Tulianza kwa kuchagua rais. Omer alikuja na abacost mpya, suti ya wakubwa wa enzi ile, aliyojishonea kwa siku hiyo, na hotuba kichwani. Tukamchagua Clémence, mwimbaji wetu, maana ndiye peke yake aliyekuwa akifika kwa wakati. Omer akampongeza kwa uso wa mtu aliyetafuna kidonge cha kinini.

Ikaja zamu ya sare za kuvaa jukwaani. Omer alitaka nyeupe. Kura zikataka za manjano zenye mikunjo kifuani. Akazishona mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, huku akinung'unika kwamba sheria njo sheria.

Kilichomshinda ni siku Adalbert, mpiga ngoma, alipoomba neno.

"Solo ya Papa Omer ni ndefu. Wachezaji wanarudi kwenye viti, wanakunywa, wanamaliza chupa, yeye bado. Tuifupishe."

Mikono ikapanda, na wangu pia. Omer akamgeukia shemeji yake Augustin, mpiga besi. "Hata wewe?"

"Shemeji, unisamehe. Vidole vinaniuma."

Omer akabeba gitaa lake, akaenda Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji. Huko mwenye baa mmoja alimpa wanamuziki wapya na cheo cha chef. Jumamosi ya kwanza alipiga solo mpaka akachoka mwenyewe, na hakuna aliyekohoa. Wimbo uliofuata akauanzisha kwa sauti ya juu mno. Mwimbaji akalia kama kuku anayekamatwa, besi ikamfuata, ngoma zikamfuata, na baa nzima ikacheka.

"Kwa nini hamukuniambia?" akawauliza.

"Chef, wewe njo chef," wakajibu kwa heshima zote.

Baadaye alitusimulia kwamba jibu lile lilimtisha kuliko kicheko. Akarudi Kalemie, akaenda moja kwa moja kwa Clémence.

"Mama Clémence, unirudishe."

"Mimi? Mimi ni rais tu, Papa Omer. Ngoja kura."

Tulimjadili akiwa ameketi palepale katikati yetu. Tukamkubali kwa sharti moja: Clémence akiinua leso, solo imekwisha. Omer akapinga. Alibishana mchana kutwa, akasimama, akaketi, akasimama tena, akashindwa. Ukimtazama ungedhani amealikwa karamuni.

Tukapanda boti kwenda Moba kupiga muziki kwenye arusi. Solo ilipofika, Omer akafumba macho. Clémence akainua leso. Omer haoni. Clémence akapunga, akapunga kwa hasira, mpaka wageni wakadhani ni mtindo mpya kutoka Kalemie. Bibi arusi akatoa leso yake, mama zake wakafungua vitambaa vya kichwa, na ukumbi mzima ukawa unapunga. Tungeachaje? Augustin alipiga besi huku ananiangalia kama mgonjwa anayemwangalia padri.

Kwenye mkutano uliofuata Adalbert akapendekeza kwamba mpiga solo apige akiwa macho wazi.

"Lakini watu wa Moba walifurahi!" Omer akapaza sauti. "Muliwaona!"

"Tuliwaona," akasema Clémence. "Wewe njo hukuwaona. Mikono juu."

Omer akashindwa kwa kura moja, akadai tuhesabu upya.