Mshahara wa Angani

Mume wangu alikuja kuniposa akiwa amevaa sare ya jeshi la anga, mabawa madogo ya shaba yameshonwa kifuani, na watoto wa mtaa wetu wa Kalemie walimfuata mpaka mlangoni. Baba yangu alikuwa anaendesha treni ya Kabalo. Hakuwa mtu wa kushangazwa na mashine. Alimpa kiti, akamtazama, kisha akamuuliza bila kuzunguka:

—Kijana, hiyo kazi ya juu inalisha muntu?

—Inalisha, Papa. Inapita kazi zote za hapa chini.

Hakuwa anajisifu. Miaka ile ya mwanzo wa Zaire, ilikuwa kweli. Rubani wa jeshi alilipwa kuliko mkuu wa shule, akapewa nyumba kambini, na kila akitumwa nchi ya nje alirudi na posho ya safari. Baba yangu aliuliza jambo moja tu zaidi: siku gani angeacha jeshi, na baada ya hapo angefanya nini. Mume wangu alicheka, akasema marubani wa jeshi wakizeeka wanachukuliwa na makampuni ya kiraia, wanapakia abiria badala ya askari, na mshahara unaongezeka. Baba akaridhika. Mimi nilikuwa nimeridhika kabla yake.

Lazima nimtaje hapa kaka yangu. Yeye na mume wangu walisoma darasa moja katika shule ya ufundi. Mwaka wa mwisho walikuja watu wawili kutafuta vijana: mmoja alitoka kiwanda cha saruji cha Kabimba, alitaka mafundi, mwingine alitoka jeshini, alitaka vijana wa kupeleka Ulaya kusomea urubani. Mume wangu alifaulu pande zote mbili. Kaka yangu alifaulu kwa saruji tu, kwa sababu macho yake yalikataliwa. Watu walimpa pole kama mfiwa. Kwenye harusi yetu mjomba mmoja, pombe imeshampanda, alisema kwamba kati ya vijana hao wawili mmoja angekula mawingu na mwingine angekula vumbi. Watu walicheka sana, na kaka yangu naye alicheka.

Tulihamia kambini, mbali na ziwa la kwetu Kalemie. Sitasema uongo, tuliishi vizuri. Nilikuwa na friji iliyotumia mafuta ya taa, vitenge vya kubadilisha, na redio kubwa ambayo majirani walikuja kuisikiliza. Mara nyingine alitumwa kupeleka mizigo upande wa Kalemie, na kabla ya kutua aliruka chinichini juu ya ziwa, akainamisha bawa moja upande wa nyumba ya baba yangu. Mama yangu alikuwa akitoka na mwiko mkononi, anapiga vigelegele peke yake uani.

Halafu mambo yakaanza kulegea, polepole, kama kamba inayooza ndani. Mshahara ulichelewa mwezi, ukaja nusu. Ulipokuja mzima, fedha yenyewe ilikuwa imeanguka, na kile ulichoweza kununua nayo Januari hukukiona tena sokoni Machi. Kilichotulisha sasa ilikuwa ndege yenyewe. Mama wachuuzi wa Kalemie walimlipa rubani ili awapakie nyuma na ndagala zao, dagaa wakavu wa ziwani, katikati ya masanduku ya jeshi. Wakubwa walijua, nao walikuwa na mizigo yao humo humo. Mume wangu alirudi akinuka samaki, akaoga mara mbili, na bado shati lake lilinuka.

—Nilisomea mambo ya mawingu na upepo —aliniambia siku moja, anajisugua mikono kwa limau—. Sasa niko kama taxi ya ndagala.

Nikamwambia taxi inatulisha. Akakata limau jingine.

Baadaye hata hiyo ikakatika. Mafuta ya ndege hayakuja tena, au yalikuja usiyaone. Vipuri havikuja. Ndege moja ilifunguliwa ili itengeneze nyingine, na ile nyingine ikafunguliwa ili itengeneze ya tatu, mwisho zote zikabaki zimekaa kwenye majani kama kuku wanaoatamia. Marubani waliamka asubuhi, wakavaa sare, wakaimba wimbo wa taifa mbele ya bendera, wakakaa kivulini mpaka saa ya kurudi nyumbani. Sisi wake tulilima muhogo pembeni ya njia ya ndege. Udongo wake ni mgumu. Jembe langu liligonga mawe na vipande vya lami, na mume wangu, kapiteni, alikuja jioni kunisaidia kubeba, akiwa amevua shati la kazi ili lisichafuke.

Ni wakati huo alipopata nafasi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Kalemie, mgeni aliyekaa sana pale mpaka akajua Kiswahili chetu, mwenye ndege ndogo za kupeleka samaki Kasai. Rubani wake alikuwa ameondoka. Alimwona mume wangu katika likizo, akamwambia wazi:

—Kapiteni, toka jeshi leo, kesho unaanza kazi. Nyumba iko, pale juu kwenye kilima. Mushahara nitakupa kwa feza isiyoanguka.

Mume wangu alirudi kambini akiwa kijana tena. Aliandika barua ya kuomba kuachiliwa. Jibu lilikuwa hapana: serikali ilimsomesha, kwa hiyo alikuwa na deni la kuitumikia. Mwaka uliofuata aliandika tena, wakamwambia vilevile. Wenzake wawili walikimbia. Mmoja tulisikia yuko Zambia anaendesha ndege za watalii na watoto wake wanasoma kwa Kiingereza. Mwingine alikamatwa mpakani, na mke wake alitolewa nyumbani siku ileile, vyombo vyake barabarani, sufuria bado ina maharage ndani.

Nilimwambia akimbie hata hivyo. Nilimwambia mara nyingi.

—Mama —aliniita hivyo tangu mtoto wetu wa kwanza—, mimi nikikimbia, wewe ndio utalala kwenye sementi ya gereza. Usinirudilie hiyo maneno.

Basi nikaenda mwenyewe kwa komanda wa kambi, bila kumwambia mume wangu. Nilivaa kitenge changu cha mwisho kizuri. Komanda alinipokea vizuri, akaniambia niketi. Ofisi yake ilikuwa na picha ya Rais ukutani, simu isiyolia, na mbuzi wawili waliofungwa nje ya dirisha.

—Papa komanda —nikasema—, kama ndege haziko, munamushika bwana yangu ya nini? Mumuache akatafutie batoto chakula.

—Mama, piloti ni mali ya serikali. Hata kama ndege haiko, piloti iko.

—Mali gani inalima muhogo?

Nilidhani angekasirika. Aliangalia mbuzi zake kwa dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

—Mimi mwenyewe niliomba kutoka kabla ya bwana yako. Mara nyingi kumupita. Rudi nyumbani, Mama.

Nilitoka pale. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kuna mtu mahali fulani anayefunga mlango, na mtu huyo ukimwomba vizuri anaweza kuufungua. Niliporudi sikuamini tena hivyo.

Watoto walipofukuzwa shuleni kwa kukosa minerval, ile karo ya shule, nilipanda treni nao kurudi kwetu, na kaka yangu akatuchukua Kabimba. Kiwanda kilikuwa kimempa nyumba ya matofali, bomba la maji, taa za umeme, na muuguzi wa bure. Mshahara wake nao ulikuwa ukianguka, lakini kila mwezi alipewa na mifuko ya saruji, aliiuza kwa wavuvi wanaojenga, na saruji haianguki kama fedha. Alirudi jioni kope zake zimejaa unga mweupe, na mkewe alimchekea na kumpangusa kwa kanga. Alilipa minerval ya watoto wangu bila kunisomea hotuba. Hilo lilikuwa gumu kuvumilia kuliko kama angenisema.

Mume wangu alikuja likizo kutuona. Tulikuwa mezani, bukari, ugali wetu, na samaki katikati, wote pamoja. Kaka yangu, ili kumfurahisha shemeji yake, alimwambia binti yetu mkubwa amwelezee baba yake namna mwalimu alivyomsifu. Mtoto akasimama kama darasani. Alisema mwalimu aliwauliza kila mmoja kazi ya baba yake, na yeye alijibu vizuri, kwa Kifaransa.

—Ulisema nini? —mume wangu akauliza.

—Nilisema Papa ni fundi wa simenti.

Mtoto alitutazama mmoja mmoja, hakujua amekosea wapi. Kaka yangu alianza kusema «lakini baba yako…» na akaacha. Mume wangu alimega bukari, akaiviringa mkononi muda mrefu, akamwambia binti yake kwamba amejibu vizuri, aketi ale. Alipomaliza alinawa mikono, akatoka kwenda kusimama ufukweni, mahali mashua za chokaa zinapofungwa. Nilimfuata. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ni mtoto tu.

—Hakudanganya —alinikatiza—. Nani anamulipia masomo?

Karatasi ya kumwachilia ilikuja baada ya miaka mingi, tulipokuwa tumeacha kuingoja. Hakuna aliyeeleza kwa nini safari hii walikubali. Nadhani walikuwa wamechoka kumhesabu kwenye gwaride. Alishuka kutoka treni Kalemie na sanduku moja, mvi zimemjaa, na asubuhi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwa yule mfanyabiashara. Nilikwenda naye. Mtu yule alimkumbuka, akamkumbatia, akatuletea chai yeye mwenyewe.

—Kapiteni, umechelewa, lakini karibu. Niambie tu, mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini?

Mume wangu aliweka kikombe chini. Alianza kuhesabu kimyakimya, niliona midomo yake, kisha akaacha kuhesabu.

—Zamani —akasema.

Mfanyabiashara alielewa. Alieleza kwa upole kwamba watu wa bima hawakubali rubani asiyeruka siku za karibuni. Kwamba lazima arudi shule ya nje, apimwe macho na masikio, apewe kibali kipya cha kiraia. Na kwamba yeye, kwa biashara ilivyo, hawezi kumlipia mtu wa umri ule. Nilitaka kupiga kelele. Jeshi lilimzuia asiende kwenye kazi ya kiraia kwa sababu alikuwa rubani, na sasa hakuwa rubani kwa sababu lilimzuia. Niliminya kikombe changu mpaka kikaniunguza.

—Kazi nyingine iko? —mume wangu akauliza.

Ilikuwepo. Kupima ndagala kwenye uwanja wa ndege. Alisimama karibu na mizani tangu asubuhi, anaandika uzito wa kila gunia, anaonyesha wapagazi lipi likae mbele na lipi nyuma ili ndege isiinue pua. Rubani alikuwa mzungu kijana mwenye kaptula. Alimwita «Papa» kwa adabu, akamshukuru kila mara, na hakuwahi kuambiwa kwamba mzee wa mizani aliwahi kuendesha ndege kubwa kuliko yake. Nilimkataza mume wangu kunyamaza. Alisema hakuna faida ya kumwaibisha mtoto wa watu.

Nilikuwa nikimpelekea chakula mchana. Siku moja nilifika ndege ikiondoka. Wapagazi walikuwa tayari wamekaa kivulini, wameupa uwanja mgongo, wamezoea. Yeye alisimama peke yake kwenye vumbi, kofia mkononi, na nilipokaribia nilisikia anasema maneno kwa Kifaransa, taratibu, moja baada ya jingine: mambo ambayo rubani anayafanya wakati wa kuruka, kwa mpangilio wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea kidogo kando ya suruali. Ndege iliinuka, ikageuka kuelekea magharibi, ikawa nukta. Akavaa kofia yake.

Nilirudi nyuma hatua chache, nikakohoa, ili adhani nimefika sasa hivi. Alikuja, tukaketi kwenye magunia matupu, nikamfungulia sahani.

—Leo ni nini? —akauliza.

—Sombe —nikasema, nikimsogezea majani ya muhogo.

—Sawa —akasema, akaanza kula.