Jeneza Tupu la Barabara ya Awendo

Niliondoka Migori kwa sababu ya Madam Mei, Mchina aliyeniajiri udereva katika duka lake la pampu za machimbo. Maandamano yalikuwa yamechacha. Vijana walisema Wachina wanakula dhahabu yetu, na duka la jirani yake lilikuwa limeshachomwa. Ndege ndogo ilikuwa ikiwangoja Wachina Homa Bay. Lakini barabara nzima ilikuwa mawe na matairi yanayowaka.

Kwetu hata mwenye hasira humpisha maiti. Nikanunua jeneza, nikafunga matawi mabichi, ishara ya msiba, mbele ya pikapu. Ndani nikaweka tunda la yago, lile tunalozika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana, ili atakayefunua asikute sanduku tupu. Madam Mei akajifunika leso gubigubi, akainamia jeneza kama mfiwa.

Pale Awendo vijana walitusimamisha. Trela la miwa lilikuwa limekingamishwa njiani. Kijana mwenye rungu akapanda nyuma.

"Omera, fungua tuone."

Nikafungua, roho mkononi. Alipoliona lile tunda, alivua kofia.

"Alikufa maji?"

"Shimo la dhahabu lilimfukia."

"Anaitwa nani?"

Sikuwa nimeandaa jina. "Ouma," nikasema. "Ndugu yangu."

Na ilikuwa kweli. Ouma alifukiwa Nyatike, tukachimba tukachoka. Mama alitaka tuzike yago. Mimi nilikuwa bado namngoja.

Vijana wakasogeza trela, wakatutangulia wakimwimbia Ouma. Sikuwahi kusikia mtu akimwimbia. Nililia nikiendesha, wala sikuwa naigiza.

Homa Bay, kando ya uwanja wa ndege, Madam Mei alishuka na mkoba mmoja. Miaka yote ya duka lake ilikuwa imebaki Migori.

"Owino, hii sanduku unatupa?" akauliza. Ndivyo tulivyopanga.

"Sijui, Madam."

Akaitandaza leso juu ya jeneza, akaenda zake bila kugeuka.

Ningeweza kurudi Migori. Badala yake nilishika njia ya Kendu Bay, nyumbani. Mama alikuwa akianika dagaa wa omena. Aliyaona matawi, akasimama.

"Umembeba nani?"

Safari ile ilinifunza kwamba nilikuwa nimemnyima Ouma kifo chake, na Mama machozi yake.

"Ouma, Mama. Nimemleta."

Akaketi chini, akapiga yowe alilolizuia tangu siku ya shimo.