Vidonge vya Majirani wa Mangobo

Siku yangu ya kwanza katika utafiti wa moyo, Profesa wa magonjwa ya moyo alinikabidhi mizani na daftari. «Bon, mama, bagonjwa ya Mangobo iko kwako. Andika kile unaona, hapana kile unapenda.» Nilinuna kidogo. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi; nani wa kunifundisha kuandika?

Wagonjwa wetu walikuwa na moyo uliochoka kusukuma damu. Maji huwajaa miguuni, ndiyo maana tuliwapima uzito. Dawa zilikuwa mbili, zote nzuri. Tulitaka kujua ipi inafaa zaidi. Nani apate ipi iliamuliwa kwa kura ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asipendelee. Kila wiki nilizunguka mitaa ya Mangobo nikihesabu vidonge vilivyobaki.

Daftari langu lilisifiwa sana, na mimi nilipenda sifa. Walionipendeza zaidi walikuwa Mama Aziza na Mama Bolumbu, majirani wa parseli moja, uwanja mmoja wenye nyumba mbili. Aziza alipewa vidonge vyeupe, Bolumbu vya manjano, viwili kwa siku, na hesabu yao haikukosea kamwe. Asubuhi moja nilifika bila taarifa, nikawakuta wakinywa chai, kila mmoja akimtilia mwenzake kidonge chake kimoja kiganjani.

«Munafanya nini?»

Mama Aziza akacheka. «Tunagabana, mama. Chakula tunakula pamoja, alors dawa nikule peke yangu? Miye iko muchoyo?»

Niliketi kuwahoji, kisha nikapita nyumba nyingine za mtaa. Walikuwa wakifanya hivyo tangu mwanzo, na parseli nyingine vilevile, hivyo kila mmoja alimeza dawa zote mbili. Vidonge nilijua kuvihesabu. Nani anavimeza, sikuwahi kuuliza.

Ningenyamaza, daftari lingebaki safi, lakini daktari wa kule mbali, Yahuma, angemchagulia mgonjwa wake dawa kwa uongo wangu. Niliogopa kufukuzwa, sifichi. Nikaenda kwa Profesa, nikamweleza yote.

Profesa alivua miwani. «Donc, tunaanza tena?»

«Ndiyo, Papa Profesa.»

Alininunia siku mbili. Ya tatu akaamua kura ipigwe kwa parseli, si kwa mtu: wanaokula pamoja wapate dawa moja. Wakagawana wapendavyo, nasi tukapata jibu.

Dawa ya manjano ndiyo iliyoshinda. Sasa nimestaafu, na moyo wangu nao umechoka. Kila asubuhi nameza kidonge cha manjano kwa chai ya moto, nimetulia kabisa. Ningefunga mdomo siku ile, leo ningekimeza kwa hofu.